Sura ya Nne: Nyama Haisahau

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, kazi huanza jua likiwa bado chini. Maboti kutoka visiwani yanashusha magunia ya dagaa waliokaushwa, wachukuzi wanapishana na mizigo mabegani, na harufu ya kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, inakupokea kabla hujafika. Ukimwona mchuuzi akimpasua sangara mbichi, simama umtazame. Kisu huingia tumboni na kushuka kuelekea mkiani. Bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, hutolewa na kuwekwa kando kwa uangalifu, maana lina bei yake. Matumbo huenda kwenye ndoo. Humo ndani ya ndoo ndimo wataalamu wa samaki walimoitafuta habari ya ziwa kwa miaka mingi: samaki huyu amekula nini?

Kupasua tumbo ni njia nzuri na haijapitwa na wakati. Tumbo hukupa jina la mlo: huyu ni furu, huyu ni dagaa, hawa ni uduvi. Lakini lina kasoro zake. Husimulia mlo wa jana tu, pengine wa saa chache zilizopita. Samaki wawindaji kama sangara mara nyingi hukutwa na tumbo tupu. Vitu laini huyeyuka upesi huku mifupa na magamba yakibaki, kwa hiyo windo lenye mifupa huonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. Tena kumeza ni jambo moja na kujengwa ni jingine. Samaki anaweza kumeza matope na majani yaliyooza pamoja na windo lake, yakapita na kutoka bila kumwongezea hata chembe ya mnofu.

Sura hii inamhusu shahidi mwingine, ambaye mchuuzi humweka kwenye mizani kila siku bila kumhoji: mnofu wenyewe.

Ndugu wawili wa jina moja

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa kaboni na naitrojeni. Atomu zote za kaboni zina protoni 6, na ndizo zinazoipa kaboni jina na tabia yake. Nyingi zina nyutroni 6 pia. Lakini takriban atomu 1 katika kila 100 ina nyutroni 7. Ni kaboni ileile, inaungua vilevile na kujenga sukari vilevile, ila imebeba mzigo mmoja zaidi. Ndugu hao wanaitwa isotopu. Naitrojeni nayo ina ndugu mwepesi na ndugu mzito, na mzito ni adimu zaidi: karibu 4 katika kila 1,000. Hakuna mionzi hapa. Isotopu hizi ni thabiti, hazichakai. Atomu nzito ya naitrojeni iliyokuwamo ziwani enzi za mababu bado ni nzito leo.

Tofauti zinazopimwa ni ndogo mno, hivyo husemwa kwa sehemu kwa elfu, zikilinganishwa na kipimo kimoja kwa dunia nzima. Kwa naitrojeni kipimo ni hewa tunayovuta: hewa ndiyo sifuri. Kwa kaboni kipimo kilianzia kwenye kisukuku cha mnyama wa baharini, jamaa wa ngisi, kutoka miamba ya Pee Dee, South Carolina, nchini Marekani. Mimea na wanyama karibu wote wana kaboni nzito pungufu kuliko kisukuku hicho, ndiyo maana namba zao huandikwa kwa hasi.

Anza na sahani yako mwenyewe. Mahindi, mtama, uwele na miwa hukamata hewa ya ukaa kwa njia moja ya kikemia. Mpunga, muhogo, maharage na migomba kwa njia nyingine. Kundi la kwanza huwa karibu na hasi 13, la pili karibu na hasi 27. Chukua unywele wa mtu anayekula ugali wa mahindi mchana na usiku, na unywele wa mtu anayekula wali na muhogo. Mashine itawatenganisha bila kuwauliza jina wala kwao. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo unywele wa sentimita 12 ni shajara ya mwaka mzima. Mwenyewe anaweza kusahau alichokula mwezi wa tatu. Unywele wake haukusahau.

Ungo wa mwilini

Mpunga uliotwangwa hutiwa kwenye ungo, ukarushwa juu na kudakwa. Makapi mepesi huchukuliwa na upepo, punje nzito hurudi ungoni. Mwili wa samaki huipepeta naitrojeni kwa mtindo huohuo. Protini inapovunjwavunjwa, taka yake hutoka kama amonia kupitia matamvua, na katika kutoka huko atomu nyepesi hutangulia kwa wingi kidogo kuliko nzito. Nzito hubaki zikijenga mnofu. Anayemla samaki huyo anaanza na punje zilizokwisha kupepetwa, naye anazipepeta tena.

Watafiti Michael DeNiro na Samuel Epstein, wakifanya kazi California, walionyesha mwaka 1978 kwamba kaboni ya mnyama hufuata kaboni ya chakula chake, na mwaka 1981 wakaonyesha kwamba naitrojeni yake huwa nzito kuliko ya chakula hicho. Mwaka 1984 Wajapani Masao Minagawa na Eitaro Wada walikusanya vipimo vya wanyama wa aina nyingi wakapata wastani unaotumika hadi leo: kila hatua ya kula na kuliwa huongeza takriban 3.4 kwa elfu. Haba na haba hujaza kibaba. Kutoka mwani hadi kijidudu cha majini, kutoka kijidudu hadi dagaa, kutoka dagaa hadi sangara, naitrojeni inazidi kuwa nzito.

Kaboni haipandi hivyo. Kila hatua huiongezea chini ya 1, na hiyo ndiyo faida yake, kwa kuwa hubaki na nasaba yake. Naitrojeni inakuambia samaki amesimama kwenye kipandio cha ngapi cha ngazi. Kaboni inakuambia ngazi yenyewe imesimikwa wapi.

Na ziwani ngazi husimikwa mahali pengi. Kuna mwani unaoelea kwenye maji ya wazi. Kuna mwani ulioshika kwenye mawe ya ufukweni, ambao umezungukwa na utando mwembamba wa maji yasiyosogea. Hewa ya ukaa huuishia mapema ndani ya utando huo, nao hulazimika kuchukua na ile nzito usiyoipenda. Kwa sababu hiyo mwani wa mawe huwa mzito kuliko mwani wa maji ya wazi. Kuna mafunjo, ambayo hukamata hewa ya ukaa kwa njia ya mahindi na kuwa na alama yake. Kuna pia matope ya chini yenye gesi ya methani: bakteria wanaoila gesi hiyo wana kaboni nyepesi kupita kiasi, na mabuu ya wadudu yanayowala bakteria hao hubeba alama hiyo hadi kwa samaki.

Watafiti Harvey Bootsma, Robert Hecky na wenzao waliitumia hekima hii katika Ziwa Nyasa, kwenye kazi iliyochapishwa mwaka 1996. Mbuna, samaki wa rangi za kupendeza, huishi miambani spishi nyingi pamoja, na kwa macho ungesema wote wanakwangua mwani uleule wa mawe. Kaboni ilisema vingine. Wapo ambao minofu yao imejengwa kwa mwani wa mawe, na wapo waliojengwa kwa chakula kinacholetwa na maji ya wazi. Ni majirani wa mwamba mmoja wenye riziki tofauti.

Miligramu moja ya mnofu

Kazi yenyewe ni ya mikono na subira. Mtafiti hukata kipande kidogo cha mnofu mweupe nyuma ya pezi la mgongoni, mahali penye mafuta machache, kwa kuwa mafuta yana kaboni nyepesi na huweza kupotosha hesabu. Kipande hupewa namba, hukaushwa kwenye joto la nyuzi 60 hadi kivunjike kama mkate uliokauka, kisha hutwangwa kwenye kinu kidogo mpaka kiwe unga laini. Kinu husafishwa kabla ya samaki mwingine, maana chembe ya samaki wa kwanza huharibu jibu la samaki wa pili.

Kutoka kwenye unga huo hupimwa karibu miligramu 1, ikatiwa ndani ya kikopo cha bati laini chenye ukubwa wa punje ya hindi. Kikopo hukunjwa kwa kibano pande zote hadi kiwe kijidonge kisichopitisha vumbi. Kijidonge hudondoshwa ndani ya tanuri la nyuzi karibu 1,000, kikaungua papo hapo, na kilichokuwa samaki kikatoa gesi mbili zinazotakiwa: hewa ya ukaa na naitrojeni. Gesi hizo huingia kwenye spektromita ya tungamo. Humo chembe zake hupewa chaji ya umeme na kupitishwa mbele ya sumaku. Chembe nyepesi hukata kona kali, nzito hukata kona pana, na kila kundi huangukia kwenye chombo chake cha kuhesabia. Mashine hailijui jina la samaki wala ziwa lake. Inatoa namba mbili tu, ya kaboni na ya naitrojeni.

Namba hizo ni wastani wa muda. Ini hubadilika haraka, ndani ya wiki. Mnofu huchukua miezi, na kwa samaki mkubwa asiyekua haraka huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtafiti mmoja akipima ini na mnofu wa samaki huyohuyo anaweza kujua kama maisha yake yamebadilika karibuni.

Konokono, mzee wa mtaa

Sasa tuseme mnofu wa samaki fulani umetoa naitrojeni ya 11.8. Je, yuko juu au chini kwenye ngazi? Huwezi kujibu bado. Kwanza umtafute mwenyeji wa chini kabisa ambaye hali wanyama, anayekaa mahali pamoja na kuishi muda wa kutosha. Konokono anayekwangua mawe na kome anayechuja maji wanafaa sana kazi hii, kwa sababu mwani hubadilika kila baada ya siku chache lakini wao huweka wastani wa muda mrefu. Konokono akitoa 5.0, tofauti ni 6.8, yaani hatua mbili za 3.4. Konokono yuko kwenye kipandio cha pili, juu ya mwani, basi samaki wetu yuko kwenye cha nne: mwindaji kamili. Lakini hamia kwenye ghuba nyingine inayopokea maji taka ya mji. Maji taka huwa na naitrojeni nzito, na konokono wa huko anaweza kutoa 8.4. Samaki mwenye 11.8 ileile sasa amepanda hatua moja tu.

Namba haikubadilika, kilichobadilika ni ardhi ambayo ngazi imesimama juu yake. Anayesahau kumuuliza konokono atasimulia hadithi nzuri isiyo ya kweli. Na hakuna mahali ambapo somo hili limejidhihirisha zaidi kuliko Ziwa Victoria.

Furu waliongoja kwenye chupa

Kabla ya miaka ya 1980, furu walikuwa ndio samaki wa Ziwa Victoria. Zilikuwepo spishi zaidi ya 500, na walifanya karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa maji ya chini. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Kwa muda alionekana mtulivu. Kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na ndani ya miaka michache furu wakakaribia kutoweka kwenye nyavu. Spishi nyingi hazijaonekana tena. Wakati huohuo maji yenyewe yalikuwa yakibadilika. Mbolea ya udongo uliomomonyoka na taka za miji zilinenepesha ziwa, mwani ukazidi, maji yakawa mazito ya kijani, na hewa ya oksijeni ikapungua kwenye vina. Miaka ya 1990 sangara walipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu walianza kurudi. Lakini je, waliorudi walikuwa wanaishi kama wale wa zamani?

Swali hilo lingekufa bila jibu kama si watu walioweka akiba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, wakishirikiana na Watanzania mjini Mwanza, walivua furu na kuwahifadhi kwenye chupa, kila mmoja na tarehe na mahali pake. Hakuna aliyewahifadhi kwa ajili ya isotopu. Lengo lilikuwa kuwatambua na kuwaeleza. Miongo mitatu baadaye Jacco van Rijssel, Robert Hecky, Mary Kishe-Machumu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania na Frans Witte walizifungua chupa hizo. Walipima minofu ya furu waliovuliwa kati ya 1978 na 2011 na kuchapisha matokeo mwaka 2017.

Naitrojeni ya furu ilikuwa imeshuka kadiri miaka ilivyopita. Mtu mwenye haraka angesema: furu wameshuka ngazi, sasa wanakula vitu vya chini. Lakini matumbo yalisema kinyume. Furu wengi waliokuwa wakila vijidudu vidogo vinavyoelea walikuwa wamehamia kwenye mawindo makubwa zaidi. Mashahidi wawili, mnofu na tumbo, walionekana kupingana, na wote walikuwa wakweli.

Jibu liko kwenye mwani. Katika ziwa lililonenepeshwa kwa fosforasi, sianobakteria, wanaohesabiwa pamoja na mwani, hustawi, na aina nyingi kati yao huchukua naitrojeni moja kwa moja hewani. Kumbuka hewa ndiyo sifuri ya kipimo chetu. Mtandao wa chakula unaojengwa juu ya naitrojeni ya hewani huanzia karibu na sifuri, na kila aliye juu yake hushuka pamoja nao. Furu hawakushuka ngazi. Ngazi yenyewe ilididimia.

Hapo ndipo thamani ya kuhoji mnofu na tumbo kwa pamoja inapoonekana. Tumbo peke yake lingetuonyesha furu waliojifunza kula vipya. Mnofu peke yake ungetupoteza. Kwa pamoja walitueleza kwamba samaki hawa walinusurika kwa kubadili mlo huku ziwa zima likibadilika chini yao, na kwamba sangara hakuwa shida pekee.

Upepo wa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake ya chini, kuanzia mita 100 hadi 200 kutegemea sehemu, hayana oksijeni. Huko chini ndiko ilikozama mbolea ya ziwa. Kila kiangazi, kuanzia karibu mwezi wa tano, upepo wa kusini husukuma maji ya juu na kuyafanya ya chini yapande kidogo. Mbolea hufika kwenye mwanga, mwani huota, vijidudu hula, dagaa hunenepa, na migebuka huwafuata dagaa. Kutoka Kigoma hadi Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, riziki ya mvuvi hutegemea upepo huo.

Mwaka 2002 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walitoa onyo la kitaalamu kutoka ziwa hili. Maji ya chini yanapopanda, mwani hubadili alama yake ndani ya siku chache, ilhali samaki bado amebeba alama ya miezi iliyopita. Mtafiti akichota vyote siku moja na kuvilinganisha, anaweza kuuchora mtandao wa chakula kichwa chini miguu juu. Kila mnofu lazima usomwe kwa saa yake.

Mwaka uliofuata, O'Reilly na wenzake walikwenda kwenye kitabu cha zamani zaidi: matope ya chini ya ziwa, yanayotuama tabaka juu ya tabaka. Mwani unapoota kwa wingi humaliza kaboni nyepesi na kulazimika kuchukua nzito, kwa hiyo matope ya miaka ya neema huwa na kaboni nzito zaidi. Waliondoa kwenye hesabu athari ya moshi wa makaa na mafuta, ambao umeifanya kaboni ya hewa ya dunia nzima kuwa nyepesi, na bado kaboni ya matope ilionyesha kushuka. Ziwa lilikuwa limepata joto, maji ya juu yamekuwa mepesi, upepo umedhoofika, na maji ya chini hayapandi kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30.

Wakati mwalo unakosa samaki, kidole huelekezwa kwa mvuvi mwenzako, kwa nyavu zake na kwa taa zake. Mara nyingi kidole hicho ni cha haki. Matope ya Tanganyika na chupa za furu zinatuongezea jambo ambalo macho ya mwaloni hayalioni: samaki huanzia kwenye mwani, na mwani huanzia kwenye upepo, udongo na mifereji ya miji yetu. Serikali inaweza kukagua matundu ya nyavu hadi yatoshe, lakini kama mto unaendelea kuingiza udongo wa mashamba na maji taka, inalinda vipandio vya juu huku chini pakididimia.

Kwa hiyo nina ombi kwa maofisa uvuvi, walimu wa vyuo na wanafunzi wanaokwenda mwaloni kupima urefu na uzito wa samaki. Mnapomaliza kupima, kateni kipande cha mnofu chenye ukubwa wa ukucha. Kikausheni, kitieni kwenye kichupa, andikeni jina la samaki, urefu wake, tarehe na mahali alipovuliwa. Okoteni na konokono wa mahali hapo, mumweke pamoja naye. Waliovua furu mwaka 1978 hawakujua mtu atakuja kuwauliza nini samaki wao. Sisi hatujui tutakachoulizwa mwaka 2060, lakini tunajua kwamba dagaa aliyeanikwa leo Kirumba ameandikwa habari za ziwa la leo, na kwamba asipowekwa, habari hizo zitaliwa zote.